Kihenge cha Paka

Mama wa ghala hakumsalimia paka wake mlangoni hata siku moja. Alifungua kufuli, akaingia kwa ubavu, akafunga mlango nyuma yake, akaenda moja kwa moja mpaka ukuta wa mbali, penye magunia ya karanga. Huko ndiko alikoinama na kusema, "Mwangaluka, Ndugu." Paka, ambaye alikuwa amekaa mlangoni tangu alfajiri akisubiri kutoka nje, ilimbidi amfuate huko ndani ili apate salamu yake.

Nilimwuliza kwa nini. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa nguo.

"Mlango ukiutia utamu, atakaa mlangoni kutwa," alisema. "Utamu uweke mbali na mlango."

Mimi nimesoma, na silifichi hilo. Nilitoka upande wa Nkoma miguu mitupu, nikapima pamba kwenye mizani ya chama cha ushirika, nikajisomea mwenyewe kwa vitabu vya kuazima mpaka nikapelekwa ng'ambo, kwenye nchi ya theluji, na nikarudi Bariadi na diploma ya hifadhi ya mazao. Enzi hizo ungeweza kutembea kutoka kwetu hadi Sola usikutane na mwingine mwenye karatasi kama yangu. Wadudu wa ghalani nawajua kwa majina yao ya Kilatini. Lakini katika vyumba vyote vya darasa nilivyokaa, hakuna mwalimu aliyenieleza namna ya kumfanya paka aliyefungiwa ndani aridhike na maisha yake. Hilo nilifundishwa na mwanamke ambaye kwenye fomu alitia dole gumba, na mpaka leo nikimkumbuka natamani kuvua kofia.

Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa kipya. Watu walikuwa wametolewa kwenye maboma yao yaliyotawanyika wakapangwa kwa mistari, nyumba ikitazama nyumba. Huko walikotoka, kila kaya ilikuwa na kihenge chake, lile pipa kubwa la fito zilizosukwa na kukandikwa udongo na samadi, mahali pa kuwekea nafaka. Sasa mbegu za kijiji kizima, mtama, mahindi na karanga, ziliwekwa pamoja katika ghala moja la matofali mabichi na bati. Binadamu tulihamia, na panya nao wakahamia. Mbegu zikiwa kwenye vihenge mia moja, panya wa mwenzio ni shida ya mwenzio. Zikiwa kwenye ghala moja, panya ni wa wote.

Wakati huo nilikuwa bado karani wa mizani, kwa hiyo niliyaona kwa macho yangu. Mtunza ghala wa kwanza, mwanamume, alikuwa na paka aliyeingia na kutoka apendavyo. Ulipofika msimu wa kupuliza dawa ya pamba, paka yule alikwenda mashambani, akala panya aliyekwisha kunywa sumu, akarudi akitoa povu, akafia kizingitini. Baada ya wiki chache ukiinua gunia, sehemu ya chini ilibaki sakafuni. Mwaka ule wazee wetu walikwenda Sola kuomba mbegu. Mtu mzima mwenye ng'ombe wake kuomba mbegu! Kuna waliorudi usiku ili wasionekane.

Ndipo yule mama akasimama katika mkutano wa kijiji. Nakumbuka kelele za wanaume, wakimwita mayu, yaani mama.

"Mayu, kaa chini, ufunguo si mwiko wa ugali!"

"Ufunguo nipeni," alisema. "Mbegu zitatoka kama zilivyoingia. Zikipungua, mnitoe kijijini, mimi na wanangu."

Hakusema "mnitoe kazini." Alisema kijijini, wakati ambapo watu walikuwa wamehamishwa juzi tu na walijua vizuri kuhamishwa ni nini. Walimpa. Nadhani wengine walimpa ili wamwone akishindwa. Wiki ileile alimleta paka dume mwenye kichwa kikubwa, akamfungia ndani, na mimi muda si mrefu nikaenda zangu masomoni.

Nitaeleza jinsi alivyofanya kazi, kwa sababu hapo ndipo ulipo ukubwa wake. Niliyaona nilipokwisha kurudi na kuwekwa niwe msimamizi wa maghala ya eneo letu.

Kila asubuhi alianza na mchezo, ndipo chakula. Alikuwa na unyoya wa kanga uliofungwa kwenye uzi mrefu. Aliuburuta polepole nyuma ya magunia, akausimamisha, akautikisa kidogo kama kitu kilichoogopa, akauvuta. Paka alilala chini, makalio yakicheza, akaruka. Mama hakumwacha akose kila mara. Alihakikisha anaukamata unyoya mara kadhaa, anaung'ata, anaona kwamba ameshinda. Baada ya hapo ndipo alipommwagia dagaa. Paka alikula, akajilamba, akalala. Jioni, kabla ya kufunga, hivyohivyo tena.

Wanakijiji walimcheka. Kwetu kila mtu anaamini kwamba paka akishiba hashiki panya, na kumlisha ni kumharibu. Balozi wa nyumba kumi, mzee mmoja mwenye maneno mengi, alipita siku moja akamkuta na bakuli la dagaa.

"Mayu, huyo anakula kuliko mgeni."

"Ndiyo, baba."

"Sasa panya atamshika nani? Wewe?"

"Mwenye njaa anatafuta njia ya kutoka," mama alimjibu bila kuinua kichwa. "Aliyeshiba anatafuta mchezo. Mchezo wake uko humu ndani, wenye mikia."

Kila Jumamosi alihamisha magunia. Si yote, machache tu: gunia la mtama lilikwenda lilipokuwa la karanga, mawili yakapandishwa juu, uchochoro mmoja ukazibwa na mwingine ukafunguliwa. Nilidhani ni kwa ajili ya hewa, maana hata mimi nilifundishwa kwamba magunia yageuzwe. Alicheka.

"Hewa pia. Lakini huyu Ndugu akiamka kesho atakuta nchi mpya. Atazunguka kutwa anaikagua." Kisha akaongeza, macho yakiwa makavu kabisa, "Huyu tunamhamisha kila wiki wala halalamiki."

Chini ya dirisha la mashariki alikuwa amemjengea paka jukwaa la magunia matupu, na kule nje, mbele ya dirisha hilo, alimwaga pumba za kupepeta ili ndege watue. Dirisha lilikuwa na nondo na wavu. Paka alikaa hapo asubuhi nzima akiwatazama kunguru na njiwa, taya likimtetemeka kwa hamu. Kwenye ungo uliochakaa mama alipanda nyasi laini, akimwagilia kwa maji ya kunawia. Paka alizitafuna kama ndama.

Kulikuwa na siku mbaya. Ulipofika wakati ambapo majike ya kijijini yalikuwa yakiita, yule dume alilia kwa sauti ambayo ungedhani kuna mtu anachinjwa. Watu walipita wakiziba masikio. Mama alikaa ndani naye, mgongo kwa mlango, akisokota kamba za katani. Hakumkemea wala hakumbembeleza, na hakufungua mpaka aliponyamaza, hata kama alinyamaza kwa muda wa kumeza mate tu. "Akilia nikafungua, nimemfundisha kulia," alisema. Siku ya nne paka alichoka, akarudi kwenye unyoya wake.

Usidhani alikuwa mtu mpole. Huyo aliyemsubiri paka siku tatu hakumsubiri binadamu hata dakika. Mtu akichelewa kuleta gunia alikuta mlango umefungwa. Mwenyekiti wa kijiji mwenyewe aliwahi kukaa juu ya mahindi akipumzika, akaambiwa, "Ndugu Mwenyekiti, hicho ni chakula cha mwakani, si kigoda." Akainuka. Paka alilala juu ya mahindi hayohayo na hakuambiwa kitu. Na jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba nyumbani kwake hakufuga paka. Alisema paka hawana adabu, wanatia mdomo kwenye vyungu. Nilipomwambia kwamba yeye anampenda yule wa ghalani, alikataa kabisa.

"Simpendi. Ninamwelewa."

Hakujua kusoma. Lakini mtu akimpelekea gunia alilikumbatia mara moja, akalisukuma kwa goti, na kuanzia hapo alilijua maisha yake yote: lilitoka nyumba gani, lilishonwa na nani, liko safu ya ngapi. Mimi nilihitaji daftari.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Nimekwisha kusema kwamba mimi ni mtu niliyepanda kwa nguvu zangu mwenyewe, na mtu wa namna hiyo huwa na haraka ya kuonekana. Wiki yangu ya kwanza baada ya kurudi, kabla hata sijaingia ndani ya ghala, nilizunguka nje kukagua kuta. Nyuma, upande wa magharibi, nilikuta kihenge. Kihenge kizima, kimelazwa ubavu, mdomo wake umefungwa kwa kamba kwenye dirisha la ghala, na juu kimefunikwa nyasi zilizoning'inia hadi chini. Sikuinama kuchungulia.

Kwa mgeni, hicho ni kikapu kikubwa tu. Kwa mtu wa kwetu, miaka ile, kilisema neno moja. Kihenge ni cha mtu binafsi. Ni nafaka ya nyumba ya mtu. Na hiki kilikuwa kimetiwa mdomo kwenye dirisha la ghala la umma, kama ndama kwenye chuchu.

Sikumwuliza. Hilo ndilo ninaloliona aibu mpaka leo: sikumwuliza. Nilivaa viatu vyangu vya ng'ambo, nikaenda kwa mwenyekiti, nikamweleza kwa lugha ya kitaalamu. Kabla ya adhuhuri watu walikuwa wamejaa uwanjani. Hata waliokuwa wakipuliza dawa mashambani waliacha mabomba yao wakaja, nguo zao zikinuka sumu. Mbwa walikuja na wenyewe.

"Alaa! Kumbe!" balozi alipaza sauti. "Ndiyo maana ananenepa yeye na paka wake!"

"Na aliapa mbele yetu," mwanamke mmoja alisema kwa uchungu. "Tulimwamini, jamani. Watoto wetu watapanda nini?"

Mama wa ghala alisimama pembeni, ufunguo shingoni, wanawe wawili wa kike nyuma yake. Mwenyekiti alimwuliza, "Mayu, hiki kihenge ni cha nani?"

"Cha Ndugu."

"Ndugu gani?"

"Paka."

Watu walicheka vibaya. Mwenyekiti hakucheka. Alichukua panga la mtu, akanipa mimi. "Wewe ndiye msomi. Kata."

"Usikate, ng'wanone," mama aliniambia. Aliniita mwanawe, nami nilikuwa nimemletea umati. "Ingia ndani uone kwa dirishani. Ukikata atatoka, na leo wanapuliza."

Nilisikia maneno, lakini niliyasikia kama mkaguzi anavyosikia visingizio. Nilikata. Nilifungua ubavu wa kihenge, nikatia mkono mpaka begani nikitafuta nafaka. Nilishika udongo wenye unyevu. Nilishika nyasi mbichi. Nilishika kipande cha gogo kilichojaa alama za kucha. Halafu nilishika kitu chenye uhai, na kikanishika.

Nilipiga yowe nikaangukia matako. Kupitia tundu nililolikata mwenyewe alitoka yule paka mwenye kichwa kikubwa, akasimama juani, nje, mahali alipopaota tangu afungiwe.

Hapo ndipo kila mtu alipoelewa, kwa mpigo mmoja. Ndani ya kihenge hapakuwa na punje. Ilikuwa bustani. Mama alikuwa amekibandua udongo wote kihenge kizee kilichoachwa na wenyewe, zikabaki fito tupu zilizosukwa, zenye nafasi ambayo mkono wa paka unapita na kichwa chake hakipiti. Alikuwa amemtengenezea nje yake: upepo, jua, harufu ya mvua, wadudu wa kukimbiza, bila ya mbwa na bila ya sumu. Mchana alimfungulia kibao cha dirisha akaingia humo, jioni akakifunga. Na sisi tulikuwa tumempasulia. Mbele yake kulikuwa na uwanja, baada ya uwanja mashamba ya pamba yaliyolowa dawa, na nyuma yake mbegu za kijiji kizima zilizobaki bila mlinzi, mwezi mmoja kabla ya kupanda kwa masika.

Mbwa mmoja alinguruma. Vijana wawili walijiandaa kumrukia paka.

"Mtu asikimbie," mama alisema. Hakupandisha sauti. "Shikeni mbwa. Mkimkimbiza, naye atakimbia."

Kisha alifanya jambo ambalo sijaliona likifanywa na mtu mwingine yeyote, msomi au asiyesoma. Alimpa paka mgongo. Hakumwita, hakumwangalia. Alitembea taratibu kuzunguka kona, akafungua kufuli, akaacha mlango wazi kabisa, mlango uleule ambao hakuwahi kuuacha wazi, akaingia ndani mpaka ukuta wa mbali. Tukasikia sauti yake, ndogo, ya kila siku.

"Mwangaluka, Ndugu."

Paka alisimama. Alitazama mashamba. Alitazama umati ule wa watu mia mbili. Alinusa upepo, na nakumbuka niliuchukia upepo ule kwa harufu yake. Akalamba bega lake mara mbili, kama mtu asiye na haraka yoyote. Kisha akainua mkia, akazunguka kona, akapita mlangoni na kuingia ndani. Mwenyekiti alinyoosha mkono taratibu akausukuma mlango nyuma yake.

Mzee mmoja karibu yangu alivua kofia. Hakuna aliyemwambia.

Magunia yalihesabiwa siku ileile, nami nilishika daftari. Hakuna hata moja lililopungua. Balozi wa maneno mengi alikuwa wa kwanza kumwomba radhi, na alishukuriwa kwa ufupi, "Wabeja, baba. Sasa nipishe, unaziba mwanga." Mimi nilipofika mbele yake na maneno yangu mazuri niliyoyapanga, hakuyangoja.

"Ulichokata utakisuka," alisema.

Nilisuka siku mbili, nimechuchumaa nyuma ya ghala, viatu vya ng'ambo vimejaa vumbi, wanawake wakipita na ndoo zao wakinisalimia kwa heshima ya kunichoma: "Mwadila, Bwana Diploma!" Katika siku hizo mbili nilijaribu kurudisha hadhi yangu kidogo. Nilimweleza kwamba, kitaalamu, kihenge chenye matundu kwenye dirisha la ghala ni njia ya kuwaingiza panya.

"Wakiingia hapo wanapitia wapi?" aliniuliza.

Nikaangalia. Walipitia kwenye kihenge. Walipitia kwa paka.

Niliendelea kusuka.

Msimu ule mbegu zilitoka kama zilivyoingia. Nilikuwepo wakati zinagawiwa, akina mama wamepanga mstari na nyungo zao, na nikaona watu wawili wa Sola wamesimama pembeni na mifuko mitupu chini ya kwapa, wanaona haya kuomba. Mama aliwaita kabla hawajafungua mdomo.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa Migato, miaka ya mwisho ya ujamaa ule tulioujua. Alikuwa amekabidhi ufunguo kwa mwanamke mwingine na kwenda kulima kwa binti yake. Mimi nilikuwa nimepanda cheo. Nilifika kwa gari la idara, nikiwa na dereva, na nilikuwa na kazi maalumu: ofisi ilinitaka niandike mwongozo kwa watunza ghala wa wilaya nzima, na nilijua sina cha kuandika juu ya paka ila maneno yake. Nilimkuta anaanika michembe, vipande vya viazi vitamu, juu ya mwamba. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe, mgongo umeinama, jicho lilelile.

"Umenenepa," aliniambia. "Kaa. Usikalie viazi."

Nilitoa kalamu. Alinitajia kama mtu anayehesabu ng'ombe wake: mchezo kabla ya chakula, salamu mbali na mlango, nchi mpya kila wiki, dirisha lenye ndege, nyasi za kutafuna, usifungue kwa kilio, mpe nje iliyo ndani. Niliandika yote. Kisha nikamwuliza swali ambalo, kwa miaka yote niliyomjua, sikuwahi kufikiri kumwuliza.

"Mayu, na kama paka umemfanyia yote haya, na bado haridhiki? Anakonda, anajing'oa manyoya, anataka kutoka tu. Mtunza ghala afanye nini?"

Alikuwa anageuza michembe, kipande kimoja kimoja. Hakusita hata kidogo.

"Amtoe. Ampeleke mbali na pamba, kwa watu wasiopuliza dawa, amwache huko."

"Na mbegu?"

"Alale nazo yeye."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Aligeuza kipande kingine.

"Wewe ungelala nazo? Msimu mzima, na panya?" nilimwuliza.

"Si mimi niliyeahidi?" alisema. "Paka hakunyoosha mkono mkutanoni."

Ofisini walinishauri niiondoe sehemu hiyo, kwamba haina utaalamu. Nilikataa, na mimi ndiye niliyekuwa na diploma. Iliandikwa kama alivyoisema, neno kwa neno, jina lake juu, langu chini.